Zombi wa Ukurasa wa Kumi na Moja

4 Februari

Kwako Mtoro, mke wangu mdogo,

Pokea salamu, kama zitaweza kupanda ngazi mpaka ghorofa ya tano ulikojipeleka. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto limeanza kuwa na maoni yake: nikitaka kusimama lenyewe linataka kukaa. Shangazi yako mzima, bado anashona nguo za watu na kuwachana wenyewe kwa mdomo. Baba yako alipita Jumapili, akala, akalalamikia chumvi, akaondoka. Paka amezaa ndani ya kabati la viatu, watoto wanne, na mmoja anafanana na baba yako kwa kununa. Kwa hiyo nyumba nzima ni salama, ila mimi nimekasirika.

Najua utasema, Babu si ungepiga simu. Simu sitaki. Kwenye simu mtu anakukata tusi likiwa bado nusu. Barua haikatwi. Hata ukiichana utaokota vipande usome.

Bahasha yako ilifika Jumanne. Karatasi sitini na mbili! Mimi niliyeishia darasa la tatu, tena hilo la tatu nililikalia karibu na dirisha. Juu umeandika kwa kalamu nyekundu, "Babu, mwigizaji wa Mzee atachezesha midomo tu, sauti ni yako, hakuna mwingine wa kuiweza." Nikafurahi kama mpumbavu aliyesifiwa kofia. Nikazibeba mpaka kwa jirani yangu kinyozi, maana macho yake bado mapya, nikamwambia, weka mashine chini unisomee sinema ya mjukuu wangu. Alikuwa na mteja mmoja, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado msitu. Mteja naye akasema, "Soma tu, nitasubiri." Kinyozi akawa anasoma huku ananyoa, usiniulize alivyoweza.

Mji mzima umekufa, wafu wameamka, wanawauma walio hai. Vizuri. Mazombi mimi nimewajua kabla baba yako hajaota meno. Halafu mke wa Mzee naye anatoka kaburini, anarudi nyumbani na njaa yake, anaketi kwenye kiti chake. Mzee, kwa kuwa mdomo wake umemzidi macho, haoni kitu. Anaanza kumsimulia habari. Na zombi, badala ya kumla, anasema, "Endelea, nasikia." Kila akitaka kumwuma shingo, Mzee anafika patamu, basi zombi anarudisha meno ndani ili asikie mwisho. Kinyozi alicheka mpaka mashine ikateleza, mteja akapoteza unyusi mmoja. Hata mimi nilicheka. Nikasema moyoni, hii ndiyo damu yangu.

Ndipo ukaja ukurasa wa kumi na moja. Kiti cha plastiki cha buluu, mto umefungwa kwa kamba ya kiatu. Vikombe viwili, kimoja hakina mkono. Mguu mmoja una soksi, wa pili hauna. Nikamwambia kinyozi, acha hapo, macho yananiuma. Akasema, "Mzee, anayesoma ni mimi." Nikamwambia basi ni masikio.

Sikiliza wewe. Hilo neno, "endelea, nasikia", ni la nani hapa duniani? Bibi yako alilisema akiwa macho, alilisema akisinzia, alilisema huku anakoroma. Umemchukua bibi yako aliyetulia zake miaka kumi na miwili, umempaka uoza, umemtembeza, ili watu wakate tiketi wamcheke. Mapenzi, kicheko na maiti havikai chungu kimoja. Ng'oa ukurasa huo. Fungia chumvi, washia jiko, fanya utakavyo, lakini ng'oa. Na sauti yangu usiitafute. Imekwenda kulala.

Ni mimi, mume usiyemstahili,
Babu yako Kipaza


27 Februari

Babu,

Shikamoo. Pole kwa goti. Wasalimie wote, na Shangazi pia, hata kama hatauliza ni nani aliyemsalimu. Mimi mzima. Nyumba ya kupigia picha imepatikana, ila mwenye nyumba ametoa sharti: mazombi wavue viatu mlangoni, amepiga deki. Kwa hiyo wafu wetu watavamia nyumba pekupeku, kwa adabu. Dada anayewapaka uoza analalamika kwamba jua linamyeyushia nyama. Ndiyo habari za huku.

Sasa tuje kwenye chungu chako. Nani kasema havikai pamoja? Wewe? Wewe uliyekaa ukumbini miaka ishirini na kipaza sauti mkononi, ukiwatafsiria watu sinema za lugha usiyoijua hata ya kuombea maji? Wewe ndiye uliyechukua mkanda wa maiti wala watu ukaugeuza kuwa habari ya mume na mke, watu wakacheka, wakalia, na kesho yake wakarudi na majirani. Hadithi hiyo niliijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Kila ninachojua kuhusu kuchekesha watu kwa mfu nimekitoa kwako. Leo unaniambia haifai.

Na kuna jambo halinikai. Kwenye ukurasa wa tisa Mzee ana mdomo kama redio iliyoharibika kitufe, hukujiona. Ukurasa wa kumi anamsifia mkewe harufu ya udongo akidhani ni mafuta mapya, hukujiona. Umejiona kwenye wa kumi na moja peke yake, pale anapokunywa chai na mke aliyekufa naye hana habari.

Nieleze, maana labda mimi ndiye nimesahau. Bibi alifariki peke yake. Ndivyo ilivyosemwa sebuleni, watu wote wameketi, na wewe umeketi. Alifariki peke yake kwa sababu aliyeachwa amwangalie alitoroka akaenda kuzurura. Ndiyo maana mpaka leo unaniita jina hilo juu ya barua. Kama ni hivyo, yule mzee mwenye vikombe viwili anakuwaje wewe?

Nasubiri jibu.

Mjukuu wako


15 Machi

Kwako Mtoro, wakili usiye na joho,

Salamu. Watoto watatu wa paka wamepata watu wa kuwachukua. Mnunaji amebaki, hakuna aliyemtaka. Goti liko palepale. Shangazi yako ameanza maandalizi: katikati ya Agosti familia nzima itakutana hapa kumkumbuka bibi yako, na orodha ya watu ameishika yeye. Sikuuliza kama umo.

Swali lako nimelisoma. Nimeliweka.

Kwanza nikufunze kazi, maana naona unaifanya kama mtu anayevunja yai kwa nyundo. Zombi hachekeshi kwa kuoza. Hata nyanya inaoza, nani ameicheka? Zombi anachekesha akiwa na shida ya mtu wa kawaida.

Mkanda ule ulipokuja ukumbini, kopo lake lilikuja na bango la mkanda mwingine: mwanaume na mwanamke wamekumbatiana, nyuma yao maua. Mwenye ukumbi akaniambia, "Leo ni mapenzi." Nikaamini. Nikakaa kwenye kigoda changu pembeni ya kitambaa, nikashika kipaza. Akatokea mwanaume, suti imechanika, anayumba, udenda unamwagika. Lugha siijui, bango linasema mapenzi. Ungefanyaje wewe? Nikasema, "Jamani, huyo ni mume wa mtu. Amelewa siku tatu, sasa anaogopa kurudi kwa mkewe." Watu wakacheka. Wakatokea wengine kumi, wanayumba vilevile. Nikasema, "Amewachukua rafiki zake wakamsaidie kuomba msamaha." Ukumbi ukaanguka. Akamkamata dada wa watu akamwuma bega, damu hiyo. Mjukuu wangu, hapo jasho lilinitoka mpaka kipaza kikateleza. Nikasema, "Huyo ni shemeji yake, ndiye aliyemficha mke." Wakapiga makofi!

Benchi la tatu alikuwepo mwanamke mmoja, mpiga pasi kwa dobi. Alicheka mpaka akateremka chini ya benchi, akabaki hukohuko. Wakati huo maiti wangu amefika kwenye nyumba yenye mlango wa kijani. Mimi nikasema, "Anabisha hodi." Umeme ukakatika. Watu wakatoka wanalaani shirika la umeme, yule mwanamke akanifuata. "Wewe hujui hata neno moja la lugha ile." Nikasema, sijui. "Mimi naijua, niliwafulia wenyewe miaka sita. Yule mtu alikuwa anasema ana njaa." Nikanywea. Akasema, "Lakini ya kwako ni bora. Haya, alifunguliwa?" Nikamwambia, njoo kesho.

Alikuja kesho, ingawa mkanda ulikuwa umerudishwa kwa wenyewe asubuhi. Alikuja miaka thelathini na minane. Na mwisho sikumpa, maana niliogopa nikimpa mwisho atavaa viatu aende kwao. Akiuliza, naanza upya. "Endelea, nasikia." Hivyo tumezaa, tumelea, tumezeeka.

Umeona? Pale ukumbini hakuna aliyemcheka maiti. Walimcheka mume anayeogopa nyumbani kwake. Ya kwako watu watamcheka mzee mpumbavu asiyejua kwamba mkewe amekufa mbele yake. Hiyo si sinema, huko ni kunivua nguo sokoni. Ng'oa ukurasa.

Kipaza


2 Aprili

Babu,

Shikamoo. Habari za goti na paka tutaulizana siku nyingine.

Umeandika "kunivua nguo". Kwa hiyo ni wewe. Ahsante. Imechukua barua mbili na miaka kumi na miwili.

Nitaandika mara moja tu. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Saa nane mchana uliniambia, "Nenda kachukue dawa ya bibi yako, mimi nipo naye." Hayo ni maneno yako, sijayatunga. Duka la kwanza hawakuwa na dawa hiyo. Nikaenda la pili kwa miguu, lile la karibu na kiwanda cha magodoro. Nikarudi saa kumi kasoro. Ulikuwa umeketi, vikombe viwili mbele yako, unamsimulia Bibi habari ya yule maiti wa mlango wa kijani. Kichwa chake kimeegemea mto. Ukaniambia, "Punguza kelele, anasikiliza."

Nikamshika mkono.

Wewe ukasimama. Ukavaa kofia. Ukatoka kwa mlango wa nyuma. Shangazi aliporudi kutoka kwenye cherehani yake alinikuta peke yangu na Bibi, chupa ya dawa mkononi. Saa kumi na mbili wewe ukaingia kwa mlango wa mbele ukauliza kuna nini.

Uliuliza kuna nini, Babu.

Nilisema ukweli siku hiyohiyo. Shangazi akanipiga kofi kwa kumsingizia mzee mwenye msiba. Nikakutazama wewe. Ukatazama kofia yako. Baba hakunipiga, alininyamazia wiki tatu, afadhali angenipiga. Jina alinipa Shangazi, na wewe mcheshi wa familia ukalifanya utani, ukidhani likichekesha halitauma. Liliuma kila lilipochekesha.

Sinema yangu ni ya kuchekesha na ni ya mapenzi, na ina mazombi sabini. Katika karatasi sitini na mbili kuna moja tu ambayo sikubuni kitu. Haitoki.


30 Juni

Kwako Mtoro,

Salamu. Mvua ilinyesha, ikaacha. Mnunaji amekuwa paka mzima, analala kwenye kiti cha buluu, na nikimfukuza ananitazama kama mimi ndiye mgeni. Shangazi yako amemaliza orodha.

Utasema nimekawia. Barua yako ya Aprili sijaisoma. Ilifika, nikaona bahasha imekaa kishari, nikaikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Meza sasa imetulia vizuri, ahsante. Kwa hiyo yaliyomo siyajui wala sitaki kuyajua.

Ila mtu mzima hakosi busara, nimefikiria njia ya katikati. Mzee wako mpe kipara. Mpe kigugumizi, tena ndiyo atachekesha. Kiti kiwe chekundu. Vikombe viwe kimoja. Mke aseme neno jingine lolote, maneno yamejaa duniani, aseme hata "pole na kazi". Ukifanya hayo, sauti nitakupa, na tutaelewana kama watu wa ukoo mmoja.

Na usinifanye mimi ndiye mbaya wa kila kitu. Mtu anaweza kutoka nje kupunga hewa. Mtu anaweza kutembea saa mbili asijue anakwenda wapi. Hata hilo duka la pili la dawa halikuwa mbali kama unavyolieleza.

Unanitia hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, tazama hapo juu. Mimi nimekubeba mgongoni wewe! Nilikufundisha kupiga mluzi! Hivi katika wazee wote wa dunia hii hukuona mwingine wa kumfanyia sinema?

Kipaza


12 Julai

Babu,

Shikamoo.

Barua hukuisoma, lakini duka la pili unalijua.

Sauti ya Mzee nimempa mtu mwingine. Anasoma vizuri, hakosei, hachekeshi hata kidogo. Tutabaki naye. Ukurasa wa kumi na moja tutaupiga mwisho kabisa, katikati ya mwezi wa tisa.

Kiti ni cha buluu. Vikombe ni viwili.

Usiniite tena jina lile.


29 Agosti

Kwako mjukuu wangu,

Jina lile nimelizika na udongo nimekanyaga. Akilifukua mtu yeyote humu ndani nitamwuma.

Salamu za nyumbani leo ni fupi, maana nyumbani hakuna anayesalimiana. Nitakueleza kwa nini.

Walikuja watu thelathini na kitu. Viti vya kuazima, watoto wamejazana madirishani. Picha ya bibi yako mezani, amekunja uso kwa sababu mpiga picha alimwambia atabasamu. Shangazi yako akasimama kuhutubia. Akafika pale: "Mama yetu alifariki peke yake, bila mtu wa kumpa hata maji, kwa sababu ya mtoto ambaye leo hata kuja hakuja." Watu wakatikisa vichwa. Kumbe kwenye orodha hukuwemo, na bado unasemwa kwa kutokuja.

Mimi nilikuwa nimekiweka chini ya kiti kipaza changu cha zamani. Waya wake umekatika, hakiunganiki na kitu. Lakini bila chuma mkononi mimi siwezi kusema kweli wala uongo. Nikasimama nacho. Tayari wakaanza kucheka, Babu huyo, leo tutakoma. Nikasema, "Marehemu hakuwa peke yake. Nilikuwepo mimi. Mtoto nilimtuma dawa." Wakacheka. Nikasema tena, "Nilikuwepo, nikatoka mlango wa nyuma, mtoto nikamwachia maiti." Wakacheka kidogo. Nikasema mara ya tatu. Hapo hakucheka mtu, na mjomba mmoja aliyebaki na cheko mdomoni akawa hajui alitupe wapi.

Mjukuu wangu, nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote. Sijawahi kuona ukumbi kama ule.

Shangazi yako akaniambia, "Baba. Miaka kumi na miwili namla huyu mtoto nyama mbele yako, na wewe kazi yako ilikuwa kunipa chumvi?" Akatoa miwani, akaivaa, akaitoa. Akaingia chumbani akafunga. Tangu siku hiyo chakula ananisukumia mezani kama mfungwa. Nakula. Baba yako alitoka nje akasimama akitazama ukuta. Amechukua namba yako kwa kinyozi. Akikupigia, usimkate. Mkate siku ya pili.

Haya, sasa nakuja kwenye kosa lako, maana usidhani umesalimika. Nimeisoma ile karatasi ya kumi na moja mpaka nimeichosha. Kosa ni hili: Mzee wako hajui. Nani alikwambia hakujua?

Nimelala na pumzi za mwanamke yule miaka thelathini na minane. Mwizi akipumua dirishani ningemtofautisha. Alinyamaza hujafika hata duka la kwanza. Nilikuwa namsimulia mkanda wetu, nikafika pale pa rafiki kumi, pale anaposema "endelea". Hakusema. Nikasubiri. Nikammiminia chai. Nikasubiri tena. Halafu nikaendelea bila kuambiwa, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu. Maana nilijua nikinyamaza tu, basi, imekuwa. Nikarudi mwanzo. Nikaenda taratibu, nikaongeza watu ambao hawakuwemo, nikamwekea maiti suti mpya. Nikasema, leo nitampa mwisho wake, amengoja vya kutosha. Nikafika mlango wa kijani. Maiti akabisha hodi.

Mlango ukafunguka, ni wewe na chupa ya dawa.

Nilikimbia. Nilitembea saa mbili na kofia kichwani kama mtu mwenye safari. Aliyetoroka siku ile ni mimi. Na niliporudi nikaona wamekwisha kumpata mtoro mwingine, mdogo, asiye na wa kumtetea. Nikauliza kuna nini. Hicho ndicho nilichokuwa nakificha wewe ukidhani naficha upumbavu. Mpumbavu angesamehewa siku ileile.

Kwa hiyo mfanye Mzee ajue. Asipojua, watu watacheka, watakwenda makwao kulala. Lakini akijua, akayaona yale meno, akavuta kiti karibu na kuanza, "Sasa sikia, mke wangu, kilichotokea," watacheka vilevile, ila kicheko hakitajua kishuke koo gani. Hapo chungu chako kitaiva. Nilikwambia havikai pamoja kwa sababu nilikuwa nauogopa moto.

Bado nimekukasirikia. Umenivua nguo, na baridi naisikia. Na wewe usinisamehe upesi, nitajua unanionea huruma, na huruma nampa paka.

Kinyozi amenirekodi kwenye simu yake, ukurasa mmoja baada ya mwingine, mashine ikinguruma nyuma. Ukiona haifai, baki na huyo bwana asiyekosea. Wa kumi na moja sikuusoma kwenye simu. Nangoja uuandike wa kweli.

Babu yako


15 Septemba

Babu,

Shikamoo. Goti je?

Baba alipiga. Akaniuliza kama nakula vizuri. Nikasema nakula. Akasema, haya. Akakata yeye.

Shangazi ameniletea kifurushi, hakuna barua ndani. Ni gauni, kashona kwa mkono, mishono midogo kama ya kuomba radhi. Amelikata kwa vipimo anavyovikumbuka. Linamtosha mtoto wa miaka kumi na minne. Nimelitundika ukutani. Kuna siku natamani kumwandikia ahsante, kuna siku natamani kulichoma kwa pasi.

Bado nina hasira. Nimezisoma barua zako zote tena kutafuta mahali umesema "nisamehe", sijapaona. Zimejaa paka. Kumi na mbili ni miaka mingi, Babu, na watu thelathini waliokusikia hawajanirudishia hata mmoja wa miaka hiyo. Usije ukadhani kipaza kibovu kimemaliza kesi.

Yule bwana asiyekosea nimemwambia ahsante, aende. Mashine ya kinyozi tumeiacha hukohuko nyuma ya sauti yako. Fundi wa sauti alitaka kuifuta, nikamwambia akiigusa atakuwa zombi wa sabini na moja.

Ukurasa wa kumi na moja nimeuandika upya. Mzee anajua. Jana tulifanya mazoezi, mimi nikisoma maneno yako kutoka kwenye barua. Dada wa uoza alicheka. Mshika taa alicheka. Halafu mama anayeigiza zombi, mtu mzima, mzoefu, akaanza kulia, machozi yakamshushia nyama ya shavu mpaka kwenye kola, kazi ya saa tatu. Ikabidi apakwe upya, na anayempaka naye haoni vizuri.

Lakini nimekwama. Mzee amevuta kiti, amesimulia, maiti wake amefika kwenye mlango wa kijani, amebisha hodi. Karatasi yangu inaishia hapo. Siku ile mimi ndiye niliyekukatiza, na umeme ulikukatiza kabla yangu. Bibi aliliuliza swali hili miaka thelathini na minane ukamwambia aje kesho. Sasa nauliza mimi, na kesho sina, tunapiga picha Alhamisi ijayo.

Alifunguliwa?

Endelea.